Mfano wa Mtu Ndio Kioo Chake

Wahenga walisema kwamba moyo wa mwenzio ni msitu wa kiza. Hakuna aingiaye humo na taa, wala hakuna atokaye humo na ramani. Hata hivyo, msomaji, kila siku twahukumiana kana kwamba msitu huo tumeutembea wote. Twasema fulani ni mkali, fulani ni mpole, fulani ana kijicho. Twajuaje? Matendo ya mtu ndiyo shahidi wa kwanza. Lakini yuko shahidi wa pili ambaye haitwi barazani mara kwa mara, naye ni mfano: ile picha ambayo mtu huichora kwa maneno anapotaka kueleza jambo lisiloonekana kwa macho. Leo tumwite shahidi huyo, tumsikilize, kisha tumhoji. Kwani shahidi asiyehojiwa aweza kumfunga mtu asiye na hatia.

Twende kwanza Lafey. Mji huu umo katika Kaunti ya Mandera, kaskazini-mashariki ya Kenya, karibu na mpaka wa Somalia. Ni nchi kavu ya miiba na vumbi, nchi ya ngamia na mbuzi. Wenyeji wake wengi ni Wasomali, nao huugawa mwaka kwa mvua na kwa ukosefu wa mvua. Gu ndiyo masika yao, Deyr ndiyo vuli yao, na baada ya Deyr huja Jilaal, kiangazi kikali ambacho mfugaji hukihesabu siku kwa siku.

Tufanye kwamba Jilaal yakaribia kwisha, nawe umewakuta watu watatu wameketi kivulini chini ya mgunga. Umewaomba kila mmoja akueleze mvua anayoingojea. Wa kwanza akasema, "Mvua ni mgeni aliyekawia njiani, atakapofika tutamtandikia mkeka." Wa pili akasema, "Mvua ni mdeni aliyekimbia. Siku atakapokamatwa atalipa lote." Wa tatu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mvua ni mama aliyerudi usiku akakuta watoto wamelala na njaa, akalia."

Mvua ni ile ile moja, nchi ni ile ile moja, na ukame umewachoma wote watatu. Lakini mmoja ameona mgeni, mmoja ameona mdeni, na mmoja ameona mama. Hujui majina yao wala hujui nyumba zao, hata hivyo wahisi kwamba umekwisha kuanza kuwajua. Je, hisia hiyo ni ya kweli, au ni udanganyifu? Hilo ndilo swali letu.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelifuata swali hili kwa njia zao. Mwaka wa 1921 daktari mmoja wa Uswisi, Hermann Rorschach, alitoa kitabu pamoja na picha kumi za madoa ya wino. Madoa yale hayakuwa na umbo la kitu chochote kilichokusudiwa. Mtu aliulizwa aseme anaona nini, na majibu yake yakachukuliwa kuwa dalili za nafsi yake. Mwaka wa 1935, huko Harvard katika Marekani, Christiana Morgan na Henry Murray walieleza njia nyingine: mtu huonyeshwa picha ya watu ambao jambo lao halieleweki vema, akaombwa atunge hadithi yake. Wote hao waliamini kwamba mtu anapokosa jambo la hakika la kulishika, hushika lililomo ndani yake. Lakini wataalamu wengine wamezipinga njia hizo kwa nguvu, wakasema kwamba mara nyingi msomaji wa majibu huweka humo mawazo yake mwenyewe. Mabishano hayo ni onyo jema kwetu. Kioo chaweza kuonyesha sura ya asemaye, na chaweza pia kuonyesha sura ya achunguzaye.

Sisi hatuna haja ya madoa ya wino. Lugha ya Kisomali, ambayo ndiyo lugha ya nyumbani ya Lafey, ina hazina kubwa ya mashairi. Shairi la heshima kuu huitwa gabay. Mtungaji wake huchagua sauti moja ya herufi, na sauti hiyo hana budi kuirudia mwanzoni mwa maneno katika kila mstari, tangu shairi lianzapo hata likome. Kisomali hakikuwa na maandishi rasmi mpaka mwaka wa 1972, kwa hiyo mashairi yalihifadhiwa vichwani mwa watu. Walikuwako wenye kumbukumbu kali walioyashika mashairi marefu neno kwa neno, wakayachukua kutoka kisima hata kisima, tena wakamtaja aliyeyatunga, kwa maana kulisema shairi la mtu pasipo kumtaja mwenyewe ilikuwa aibu. Kwa njia hiyo maneno ya mtu aliyekufa zamani yametufikia, nasi twaweza kumchunguza.

Hapa, msomaji, shika tahadhari ya kwanza. Ukisikia mshairi wa Kisomali akitaja ngamia, mvua, farasi, fisi, au radi, usikimbilie kusema kwamba hiyo ndiyo tabia yake. Hayo ni mali ya wote. Mtu wa Lafey hutaja ngamia kama mtu wa Lamu atajavyo chombo na tanga. Mfano wenyewe hutuambia mtu ametoka wapi. Ukitaka kujua yeye ni nani, tazama anaufanyia nini mfano ule, na anamwelekezea nani.

Sasa tumtazame mtu mmoja ambaye jina lake lajulikana kila mahali panaposemwa Kisomali, naye ni Sayyid Mohamed Abdulle Hassan. Alizaliwa katikati ya karne ya 19 katika nchi ya kaskazini ya Wasomali, mbali sana na Lafey. Alisoma dini, akahiji Makka, akaingia katika tarika ya Salihiya. Mwaka wa 1899 aliwakusanya wafuasi walioitwa Madarwishi, akaanza vita juu ya Waingereza, Waitalia na Wahabeshi waliokuwa wakiigawana nchi. Vita hivyo vilidumu miaka ishirini na mmoja. Katika vita hivyo Wasomali wengi waliuana wao kwa wao, kwa kuwa si wote waliomfuata. Mwanzoni mwa mwaka wa 1920 Waingereza walitumia ndege kuzipiga ngome zake, na Taleh, iliyokuwa makao yake makuu, ikaanguka. Sayyid akakimbilia Ogaden, akafa kwa ugonjwa huko Imi kabla mwaka haujaisha.

Mtu huyu alikuwa na silaha mbili, bunduki na shairi, na maadui zake wenyewe walikiri kwamba ile ya pili haikuwa dhaifu. Katika mashairi yake mengi liko moja ambalo lafaa sana kwa mazungumzo yetu.

Tarehe 9 Agosti 1913, mahali paitwapo Dul Madoba, Madarwishi walipigana na kikosi cha askari wapanda ngamia. Mkubwa wa kikosi alikuwa Mwingereza, Richard Corfield, na askari wake walikuwa Wasomali. Corfield alikuwa ameagizwa asiingie vitani na Madarwishi, lakini aliwafuata, akapigana nao, akauawa. Habari zilizoandikwa na upande wake zasema kwamba risasi ilimpata kichwani wakati vita vikiendelea.

Baadaye Sayyid akatunga shairi. Hakusimulia vita kama mwandishi wa habari. Alimsemesha marehemu. Katika shairi hilo Corfield yumo safarini kwenda Jahanamu, na Sayyid ampa ujumbe wa kuwapelekea watu wa ahera: awaeleze jinsi alivyoshindwa, jinsi silaha za Madarwishi zilivyomchana mwili, jinsi alivyoomba rehema asiipate, na jinsi fisi na ndege walivyoula mwili wake. Corfield hana maneno yake mwenyewe. Kila atakalolisema amewekewa mdomoni na adui yake.

Linganisha sasa habari hizo mbili. Mtu aliyepigwa risasi kichwani hapati nafasi ndefu ya kuomba rehema. Basi ikiwa twataka kujua Corfield alikufaje, shairi hili si shahidi mwema. Lakini tukiligeuza swali, tukataka kumjua Sayyid, shairi hili ni shahidi wa thamani kubwa. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, nasi twaweza kumwona mwambaji kwa kutazama ngozi ilivyovutwa.

Twaona nini? Kwanza, twaona mtu ambaye ushindi wa jangwani haukumtosha. Alitaka ushindi huo utangazwe mpaka mbele ya wafu, tena utangazwe na aliyeshindwa. Mtu wa namna hiyo ana hofu ya kusahauliwa, au ya kusimuliwa na wengine kwa namna asiyoitaka. Pili, twaona imani isiyotikisika kwamba mizani ya vita hivi iko mkononi mwa Mungu. Tatu, twaona ukali usio na huruma. Katika picha yote ile adui ameombewa maumivu na kuombolewa hakuombolewi. Wale wampendao Sayyid kama baba wa uhuru hawana budi kuukubali ukali huo, na wale wamchukiao hawana budi kuukubali ufasaha wake, kwa sababu vyote viwili vimekaa katika shairi moja.

Lakini mhoji shahidi, msomaji. Sayyid hakutunga shairi lile ili ajisomee peke yake usiku. Alikuwa kiongozi wa jeshi, na shairi lilikuwa kama ngoma ya vita. Lilitakiwa liwape moyo Madarwishi na kuwavunja moyo wengine. Yamkini sehemu ya ukali ule ni ya cheo chake kuliko moyo wake. Tutatenganishaje cheo na moyo? Njia moja ni kutafuta picha nyingine za mtu yule yule, alizozitunga kwa jambo jingine.

Picha nyingine iko. Sayyid alikuwa na farasi wake mpendwa aitwaye Hiin Finiin, akamtungia shairi la sifa. Humo jicho lile lile lililohesabu majeraha ya adui lahesabu uzuri wa mnyama, sifa moja baada ya nyingine, kwa upole wa mtu ashikaye kitu asichotaka kukipoteza. Tukisoma shairi la Corfield peke yake, tutasema Sayyid alikuwa jiwe. Tukisoma la farasi peke yake, tutasema alikuwa mtu wa mapenzi. Tukiyasoma yote mawili twapata jambo la kweli zaidi: alikuwa mtu wa jicho kali lisiloacha hata kidogo, awe anapenda au anachukia. Kiasi hakikuwa tabia yake. Basi picha moja ni dalili, na picha mbili ni ushahidi.

Ili uone kwamba si Jahanamu inayomfanya mshairi kuwa mkali, ondoka sasa jangwani uje pwani ya Kenya, katika kisiwa cha Pate. Huko Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga utenzi wa Al-Inkishafi, unaokadiriwa kuwa wa mwanzo wa karne ya 19. Pate ulikuwa mji wa mali na fahari, na siku zake zilikuwa zimepita. Mshairi atuonyesha majumba yaliyokuwa yaking'aa kwa taa na kujaa watu, sasa yamekuwa magofu, wamebaki popo na ndege. Naye pia ataja adhabu za Jahanamu. Mafundisho ya dini aliyoyachota ni yale yale aliyoyachota Sayyid wa Madarwishi. Lakini moto ule amemwelekezea nani? Ameuelekezea moyo wake mwenyewe. Tangu mwanzo autetesha moyo wake, auuliza sababu ya kuipenda dunia, auonya.

Hapo, msomaji, ndipo kanuni yetu inapothibitika. Washairi wawili, dini moja, mfano mmoja. Mmoja amemfungulia adui mlango wa Jahanamu. Mwingine amejisimamisha mwenyewe mbele ya mlango huo. Ukijua mfano tu, hujajua kitu. Ukijua umeelekezwa wapi, umeanza kumjua mtu.

Tena kanuni hii haiwahusu washairi peke yao. Waingereza waliopigana na Sayyid nao walikuwa na picha yao. Katika magazeti yao walimwita Mullah Mwendawazimu, na Douglas Jardine, aliyefanya kazi ya serikali katika Somaliland, alilitia jina hilo katika anwani ya kitabu chake cha mwaka 1923. Je, mwendawazimu aweza kulisimamisha jeshi miaka ishirini na mmoja, akajenga ngome, akaandikiana barua na wakubwa wa dola, na kutunga mashairi yenye kufuata sheria ngumu za sauti pasipo kukosea? Neno lile halikuwa na habari nyingi za Sayyid. Lilikuwa na habari za waliolitamka: watu ambao hawakuweza kukiri kwamba mwenye akili timamu aweza kukataa utawala wao.

Hata hadithi za kale hutoa ushuhuda wa namna hiyo. Wasomali husimulia habari za malkia Araweelo, aliyewatawala wanaume kwa mkono mzito. Inasimuliwa kwamba mwanamume apitapo penye rundo la mawe lidhaniwalo kuwa kaburi lake hutupa jiwe, na mwanamke apitapo huweka tawi bichi. Hakuna awezaye kutuonyesha Araweelo mwenyewe. Lakini jiwe na tawi twaviona, na mikono inayoviweka twaijua.

Sasa turudi Lafey, kwa kuwa jambo hili lina uzito huko kuliko vitabuni. Nchi ya kaskazini-mashariki ya Kenya ilikaa muda mrefu ikisemwa na watu wasioijua. Sheria ya mwaka 1902 iliipa serikali ya kikoloni uwezo wa kuzifunga wilaya za mbali, asiingie mtu pasipo kibali, na Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilifungwa hivyo. Basi Mkenya wa Nyeri au wa Kisumu hakuiona nchi ile. Alipata picha yake tu. Uhuru ulipokuja, wengi wa wenyeji walitaka kuungana na Somalia. Tarehe 28 Desemba 1963 serikali ya Kenya ilitangaza hali ya hatari huko, na mapigano yakaendelea mpaka mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967. Waliopigana na serikali waliitwa shifta, yaani majambazi. Na neno hilo, likiisha kuzoeleka, likawaangukia hata wachungaji wasioshika bunduki. Picha mbili zikabaki katika vichwa vya wengi: nchi tupu, na mtu wa kuogopwa.

Ipime picha ya "nchi tupu" kwa kanuni yetu. Mchungaji wa Lafey hawezi kuiita tupu nchi ambayo kila kisima chake kina jina na kina wenyewe, ambayo njia zake za malisho zajulikana, ambayo usiku mtu humtambua ngamia wake kwa sauti ya kengele ya mti iliyo shingoni mwake. Yeye asemaye "tupu" hakutuonyesha Lafey. Ametuonyesha macho yake, kwamba yamezoea kuhesabu mashamba na majumba tu, na yasipoviona husema hapana kitu. Kosa la namna hiyo si dogo. Nchi inayodhaniwa kuwa tupu hucheleweshewa shule, barabara na hospitali, kwa maana nani hujengea utupu?

Msomaji kijana, huenda mwalimu wako atakuomba kesho uandike insha juu ya mvua, au safari, au mtu umwogopaye. Jua kwamba utakapoandika utajichora wewe mwenyewe. Usiogope, wala usijifiche nyuma ya mifano ya kuazima. Lakini ukiisha kuandika, soma tena ujiulize: nimemwelekezea nani moto wangu? Nimempa nani mdomo, na nimemnyang'anya nani?

Na siku utakapowasikia wengine wakisema, shika mambo matatu. Tenga kwanza kilicho cha wote na kilicho cha mtu mwenyewe. Kisha usihukumu kwa picha moja. Tafuta ya pili. Mwisho, kabla hujatoa hukumu, pima kama sura uionayo kiooni ni ya msemaji au ni yako.

Wale watatu tuliowaacha chini ya mgunga wangali wakiingojea mvua. Usiseme bado kwamba yule wa pili ni mtu mgumu kwa sababu ameona mdeni. Huenda yeye ndiye aliyepoteza ngamia wengi kuliko wote, na deni lile ni la haki. Keti nao, omba picha nyingine, ungoje pamoja nao. Msitu wa moyo una kiza, lakini kila mfano ni kijia kimoja. Na aendaye polepole, akiangalia anapokanyaga, huja akafika mahali penye mwanga.